Kumtafuta Mhamiaji wa Kifini katika Kumbukumbu za Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili ambao, kwa kuzaliwa au kwa ndoa, wameingia katika ukoo wenye asili ya Ufini huko Amerika ya Kaskazini. Mimi nimeolewa katika ukoo wa namna hiyo. Nilianza kazi hii siku mwanangu alipoambiwa shuleni achore mti wa ukoo: upande wangu alitaja wazee hadi kizazi cha nne bila kusita, na upande wa baba yake akakwamia kwa babu. Majibu yaliyo hapa yametokana na maswali ambayo nimeulizwa mara nyingi tangu wakati huo na watu walio katika hali kama yangu.

Wafini walihamia Amerika lini, na walitoka sehemu gani?

Wimbi kubwa lilianza katika miaka ya 1860 na kukoma vita vilipozuka mwaka 1914. Katika kipindi hicho watu wapatao 300,000 waliondoka, na mwaka 1902 peke yake waliondoka zaidi ya 23,000. Wengi walitoka mikoa ya Vaasa na Oulu, yaani eneo la magharibi liitwalo Pohjanmaa, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi hayagawanyiki tena na watoto waliozaliwa baada ya mrithi hawakuwa na pa kulima. Baadaye iliongezeka hofu ya kuandikishwa jeshini chini ya sheria iliyotolewa mwaka 1901 na Tsar, yaani mfalme wa Urusi, aliyeitawala Ufini wakati huo.

Historia ya utawala ni lazima ieleweke mapema, kwa sababu inaathiri kila hati utakayoifungua. Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi hadi mwaka 1809, kisha ikawa milki ya Tsar wa Urusi, na ilijitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Kwa hiyo mtu mmoja huweza kuandikwa kuwa amezaliwa Urusi katika hati moja na Ufini katika nyingine, huku vitabu vya kanisa lake la nyumbani vikiwa vimeandikwa kwa Kiswidi. Hakuna kosa lolote hapo. Ni mtu yule yule.

Nianzie wapi?

Anzia kwa aliyefariki karibuni zaidi, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua. Wengi hukimbilia Ufini mapema mno wakiwa na jina tupu, na hupotea. Kabla ya kuvuka bahari unahitaji mambo mawili: tarehe kamili ya kuzaliwa na jina la usharika aliotoka. Mengine yote, hata jina lake la ukoo, huweza kubadilika njiani.

Tarehe ya kuzaliwa ni ya kutegemewa kuliko watu wanavyodhani. Kanisa la Kilutheri lilikuwa limemwandika kila mtoto tangu kubatizwa, na tarehe hiyo ilinakiliwa tena na tena katika kila kitabu kilichofuata. Mkulima wa Pohjanmaa aliijua siku yake ya kuzaliwa, na kwa kawaida aliitaja ile ile mbele ya karani wa Minnesota. Kwa hiyo ukipata watu watatu wenye jina moja, amini tarehe.

Katika makaratasi ya nyumbani, tafuta Biblia ya familia, cheti cha kifo, tanzia iliyokatwa gazetini, barua zenye muhuri wa posta, na picha zilizopigwa chapa ya studio nyuma yake. Waulize wazee wa ukweni, tena kwa upole, maana baadhi ya familia zilinyamazia mambo mengi.

Mbona jina la ukoo halipatikani popote Ufini?

Kwa sababu huenda halikuwa jina la ukoo kwa maana tunayoijua sisi. Magharibi mwa Ufini mtu alijulikana kwa jina lake, jina la baba yake, na jina la shamba alikoishi. Mtoto wa Juho aliitwa Juhonpoika akiwa mvulana, Juhontytär akiwa msichana. Na kwa kuwa mchungaji aliandika Kiswidi, kitabuni utawakuta kama Johansson na Johansdotter. Jina la shamba nalo lilimfuata mtu alikohamia: mwanamume aliyeoa binti wa shamba jingine na kwenda kuishi huko alichukua jina la huko. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kufika Amerika na majina matatu, na wote wakawa wanasema kweli. Sheria ya kumtaka kila Mfini awe na jina la ukoo ilipitishwa mwaka 1920, wakati wahamiaji wengi walikuwa wameshaondoka.

Jambo hili huwasumbua watafiti wengi wa Marekani. Kwa msomaji aliyezoea kumtambulisha mtu kwa jina la baba na mahali atokako, nadhani halitakuwa geni sana.

Baada ya kuvuka bahari yalikuja mabadiliko mengine. Mäki, yaani kilima, ikawa Maki au ikatafsiriwa kuwa Hill. Järvi, yaani ziwa, ikawa Lake. Jina refu lilikatwa kichwa au mkia. Majina ya ubatizo nayo yana sura tatu, na ni vizuri kuyazoea yote kwa pamoja: Heikki wa nyumbani ni Henrik wa kitabuni na Henry wa mgodini huko Amerika, Antti ni Anders na Andrew, Yrjö ni Georg na George, Kalle ni Karl na Charles, Liisa ni Elisabet, Kaisa ni Katarina. Unapotafuta katika hifadhidata, jaribu bila vitone vya ä na ö, na badilisha V kwa W, kwani Virtanen na Wirtanen ni jina moja.

Mfano wa karibu ni wa baba yake babu wa mume wangu. Jiwe la kaburi linasema Hill, na familia nzima iliamini kwamba ndiyo asili yao. Kisha tukapata kadi yake ya kujiandikisha jeshini ya Septemba 1918. Juu, kwa mwandiko mwepesi wa karani, imeandikwa Hill. Chini, penye sahihi, mkono mzito wa mchimba madini umeandika Mäki, na vile vitone viwili juu ya herufi a vimekandamizwa hadi wino umetapakaa. Baba mkwe aliitazama kadi ile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa sababu hiyo napendekeza kila mtu atafute kadi hizo mapema. Wanaume wapatao milioni 24 waliandikishwa Marekani kati ya Juni 1917 na Septemba 1918, raia na wageni kwa pamoja. Wanaume waliokuwa na umri mkubwa zaidi, hadi miaka 64, waliandikishwa tena Aprili 1942.

Je, ni kweli kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina?

Hapana. Kituo hicho cha kupokelea wahamiaji, kilichoko New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na makarani wake walifanya kazi kwa kufuata orodha iliyokuwa imeshaandikwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea. Majina yalibadilishwa na wenyewe, au na msimamizi wa mgodi, au na mwalimu wa shule, kidogo kidogo kwa miaka.

Sensa za Marekani zinaweza kunieleza nini?

Zinaeleza mengi, mradi usizisome kama maandiko matakatifu. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi na hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya karibuni kabisa iliyo wazi ni ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022. Ile ya 1890 iliteketea karibu yote kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921, na pengo hilo linaumiza, kwa kuwa lipo katikati kabisa ya uhamiaji wa Wafini.

Ya 1900 ndiyo ninayoipenda zaidi. Inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, hali ya uraia, na kwa mama inataja watoto aliozaa na watoto walio hai. Nimekutana na mstari ulioandikwa saba katika safu ya kwanza na watatu katika ya pili, na hakuna mtu aliye hai katika familia ile aliyekuwa na habari za wale wanne. Katika safu ya uraia, kifupi Na kina maana kwamba ameshakuwa raia, Pa kwamba ameanza makaratasi, na Al kwamba bado ni mgeni.

Usimsome mtu wako peke yake. Soma ukurasa mzima. Wanaume wasio na wake waliishi katika nyumba za kupanga na kula ambazo Wafini wa Amerika walijitungia neno lake, poortitalo, na karani wa sensa aliwaandika wote chini ya mwenye nyumba. Mara nyingi waliolala chumba kimoja walitoka kijiji kimoja. Ukishindwa kujua usharika wa mtu wako, tafuta usharika wa jirani yake wa kitanda.

Nitapataje meli aliyosafiria?

Njia ya kawaida ilianzia Hanko, bandari ya kusini kabisa ya Ufini. Kuanzia mwaka 1891 Kampuni ya Meli ya Ufini, iliyoanzishwa mwaka 1883, ilikuwa na safari za kawaida kutoka Hanko hadi Hull, mashariki mwa Uingereza, kwa meli kama Arcturus na Polaris. Kutoka Hull abiria walipanda treni hadi Liverpool, na Liverpool wakapanda meli kubwa ya kuvuka Atlantiki. Basi msafiri mmoja huacha nyayo tatu: pasipoti aliyopewa Ufini, orodha ya meli ya Hanko, na orodha ya meli ya Atlantiki. Orodha za Kifini na kumbukumbu za pasipoti zimewekwa katika hifadhidata ya Taasisi ya Uhamiaji iliyoko Turku. Orodha za waliotoka bandari za Uingereza zimehifadhiwa kuanzia mwaka 1890, na zile za walioingia Marekani zinapatikana kupitia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo. Za New York zinatafutika bila malipo.

Kadiri orodha ilivyo ya karibuni, ndivyo inavyosema zaidi. Za kabla ya 1893 hutaja mambo machache tu, kama jina, umri, kazi na nchi atokako. Baadaye liliongezwa jina la ndugu anayekwenda kumpokea. Kuanzia mwaka 1907 utakuta mahali pa kuzaliwa pamoja na jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani, na safu hiyo mara nyingi hukupa kijiji chenyewe. Usiishie ukurasa wa kwanza, kwa maana orodha hizo zilijaa kurasa mbili zinazotazamana na wengi hufungua wa kushoto tu.

Ikiwa hayumo New York, tafuta Boston, Quebec na Halifax. Wafini wengi waliokwenda Michigan na Minnesota waliona Kanada kuwa njia fupi, na waliovuka mpaka kwa treni waliandikwa kuanzia mwaka 1895.

Hati za uraia zina faida gani?

Zina faida kubwa, hasa zilizotolewa baada ya tarehe 27 Septemba 1906. Kabla ya hapo kila mahakama ilijaza fomu yake, na nyingi hazisemi zaidi ya jina na nchi. Sheria ya mwaka huo ilileta fomu moja ya nchi nzima, yenye tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli, siku ya kuwasili, na majina ya mke na watoto. Mwombaji alitoa kwanza tamko la nia, kisha baada ya kukaa nchini miaka isiyopungua mitano akawasilisha ombi lenyewe. Hayo ni majalada mawili, na pengine yako katika mahakama za wilaya mbili tofauti ikiwa alihama kutafuta kazi.

Usishangae ukimkuta akiapa kuukana utii kwa Nicholas wa Pili, Mfalme wa Urusi. Kila Mfini wa wakati huo aliapa hivyo, na ndiyo sababu faharasa nyingi zimemweka chini ya Urusi.

Kuna kesi moja ambayo kila mtafiti wa Wafini anapaswa kuijua. Sheria ya wakati huo iliruhusu uraia wa kuomba kwa watu weupe na kwa watu wa asili ya Afrika tu. Huko Minnesota mwendesha mashtaka wa serikali alipinga ombi la John Svan na Wafini wenzake kwa hoja kwamba Wafini ni wa jamii ya Wamongolia. Januari 1908 Jaji William A. Cant wa Duluth aliamua kwamba hoja hiyo haina msingi. Ukiona ombi la uraia katika eneo hilo limekaa bila kujibiwa kabla ya uamuzi huo, usikimbilie kudhani kwamba mwombaji alikuwa na kosa.

Majalada ya ardhi nayo yasisahaulike. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akiishi juu yake na kuilima miaka mitano, na mgeni aliruhusiwa kuomba mradi awe ametoa tamko la nia. Hivyo jalada la shamba mara nyingi lina nakala ya hati za uraia, pamoja na maelezo ya majirani juu ya nyumba aliyojenga na ekari alizofyeka.

Kwa nini wanawake ni wagumu zaidi kuwapata?

Kwa sababu sheria iliwaficha nyuma ya waume zao. Hadi tarehe 22 Septemba 1922 mke alipata uraia kwa uraia wa mumewe, hivyo hakuwa na jalada lake. Kabla ya ndoa wengi walikuwa watumishi wa majumbani mijini, na waliandikwa kwa jina la ubatizo na jina lolote ambalo mwenye nyumba aliweza kulitamka. Mtafute katika vitabu vya ndoa vya wilaya, vinavyotaja mara nyingi wazazi wa pande zote mbili. Katika ubatizo wa watoto wake, ambako wasimamizi huwa ni dada na kaka zake. Na katika maombi ya hifadhi ya jamii yaliyoanza mwaka 1936, ambayo hutaja jina la baba na la mama kabla ya kuolewa.

Alifia mgodini akiwa kijana. Kuna kumbukumbu?

Zipo. Mbali na cheti cha kifo, wakaguzi wa migodi wa wilaya za Michigan na Minnesota walichapisha ripoti za kila mwaka zenye jina la marehemu, umri, taifa, na jinsi alivyokufa, pengine kwa sentensi mbili za kuangukiwa na mwamba. Jaribu kila namna ya kuliendeleza jina lake. Magazeti ya Kifini ya Amerika yaliandika kwa kirefu zaidi na aghalabu yalitaja usharika wa nyumbani, ili habari ifike kwa mama. Gazeti la *Työmies*, lililochapishwa Hancock kabla ya kuhamia Superior mwaka 1914, ni mfano mmoja, na magazeti mengine kadhaa yanasomeka katika mkusanyiko wa Maktaba ya Bunge la Marekani.

Waliokufa Calumet, mji wa migodi huko Michigan, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1913, wakati wa mgomo wa wachimba shaba, ni suala la pekee. Mtu alipiga kelele ya moto katika ukumbi uliojaa familia, moto haukuwapo, na watu 73, wengi wao watoto na wengi wao Wafini, walikufa kwa kukanyagana ngazini. Vifo vyao vimo katika kitabu cha vifo cha wilaya ya Houghton, mstari baada ya mstari, tarehe moja.

Nimeujua usharika. Nitasoma nini Ufini?

Hapa ndipo kazi inapogeuka kuwa furaha. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waweke kumbukumbu za waumini wao, na msomaji aliyekulia katika usharika wa Kilutheri nyumbani kwetu atavitambua vitabu vyenyewe mara moja: cha ubatizo, cha ndoa, cha mazishi, cha wanaohama. Juu ya vyote kipo kitabu cha Meza ya Bwana, kiitwacho *rippikirja*. Kimepangwa kwa vijiji na mashamba, na kwa kawaida juzuu moja hushika miaka kama kumi. Kila nyumba ina ukurasa wake, kuanzia mwenye shamba, mkewe na watoto hadi kijana wa kazi na mjane aliyehifadhiwa. Kwa kila mtu kuna tarehe ya kuzaliwa, uwezo wake wa kusoma na kujua katekisimu, kama ameugua ndui, siku alizoshiriki Meza ya Bwana, na alikotoka au alikokwenda. Watoto ambao hawajapata kipaimara huweza kuwa katika kitabu chao, *lastenkirja*.

Mhamiaji wako utamtambua kwa safu zilizo tupu. Anashiriki mwaka hadi mwaka, kisha hakuna alama tena, na pembeni mchungaji ameandika Amerika. Wengi hawakuchukua cheti cha kuhama, kwa hiyo jina lao liliendelea kunakiliwa kutoka juzuu hadi juzuu kama wasiokuwapo, wakati mwingine kwa miaka mingi.

Picha za vitabu hivi ziko bila malipo katika Hifadhi ya Taifa ya Ufini, na nyingine kwa Chama cha Historia ya Nasaba cha nchi hiyo, SSHY. Kumbukumbu zenye umri wa zaidi ya miaka 100 kwa kawaida ziko wazi. Faharasa ya HisKi inakusaidia kutafuta ubatizo, ndoa na mazishi kwa jina, lakini haina vitabu vya Meza ya Bwana na ilinakiliwa na binadamu. Hakikisha kila mstari katika picha yenyewe.

Sijui Kiswidi wala Kifini. Nitaweza?

Utaweza, kwa sababu maneno ni machache na yanajirudia. *Bonde* ni mkulima mwenye shamba, *torpare* ni mpangaji wa kipande cha ardhi, *dräng* na *piga* ni watumishi wa kiume na wa kike, *enka* ni mjane, *oäkta* ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kadiri karne ya 19 ilivyoelekea mwisho, Kifini kilichukua nafasi, nawe utakuta *talollinen, torppari, renki, piika, leski*. Kinachochosha ni mwandiko. Soma kwanza kurasa kumi za mchungaji yule yule kabla ya kuamua kwamba herufi fulani ni k au h.

Je, nibadilishe tarehe kwa sababu Urusi ilitumia kalenda ya zamani?

Usibadilishe. Ufini iliingia katika kalenda ya sasa mwaka 1753, pamoja na Uswidi, na haikurudi nyuma chini ya Tsar. Sharika za Waorthodoksi pekee ndizo za kuangaliwa.

Anapotea kabisa baada ya mwaka 1931. Alikwenda wapi?

Angalia kwanza kama alirudi Ufini, kwani wengi walirudi na kitabu cha usharika kitaonyesha. Lakini kati ya 1931 na 1934 Wafini wapatao 6,000 wa Marekani na Kanada waliuza nyumba na zana zao wakahamia Karelia ya Kisovieti, eneo la Urusi linalopakana na Ufini, wakiitikia wito wa kwenda kujenga nchi ya wafanyakazi. Baadhi yao waliondoka huko mapema. Wengine walikamatwa mwaka 1937 na 1938 na kupigwa risasi, na katika makaburi ya Sandarmokh huko Karelia, yaliyogunduliwa mwaka 1997, wamo Wafini waliotoka Amerika.

Watafiti wa Karelia wameandaa orodha za majina ya waliouawa, zinazotaja mwaka wa kuzaliwa, mara nyingi mahali pa kuzaliwa, kazi, na siku ya hukumu. Majina yameandikwa kwa herufi za Kirusi, kwa hiyo yanafika yakiwa yamepotoka mara ya tatu. Linganisha mwaka na kijiji na kile ulichokipata katika *rippikirja*. Familia moja niliyoisaidia ilimpata mtu wao hivyo, na tulipofungua tena kitabu cha usharika wake, mbele ya jina lake palikuwa bado pameandikwa Amerika.